Konda aliyetutoza buku

Mwanangu wa darasa la nne kaja na kazi ya nyumbani: taja mashujaa watatu wa nchi yetu. Mkwawa alishamwandika, Kinjekitile alishamwandika, wa tatu akamshinda. Akamuuliza bibi yake, aliyekuwa anachambua mchele. Mama hata macho hakuinua.

"Andika yule konda."

Mtoto akaandika "konda". Nikafuta nikaweka Mirambo, maana mwalimu wake namjua. Lakini jioni yangu ilishaharibika.

Wa siku nyingi mnakumbuka tulikokuwa tunakaa, Ulongoni, Dar es Salaam, pale kwenye mwembe. Ilikuwa Jumatano, Februari 16, 2011, saa mbili na kitu usiku. Mama anasonga ugali, mlio wa kwanza ukaja, bati zikatetemeka. Wa pili ulipolia, mbingu upande wa pili wa Gongo la Mboto, lilikokuwa ghala la silaha la jeshi, ikawa nyekundu. Hakuna aliyeuliza kulikoni. Mbagala ilishatufundisha Aprili 2009 kwamba ghala la silaha likianza kulipuka, halilipuki mara moja likanyamaza. Linaendelea, na vyuma vinaruka kwenda kuangukia nyumba za watu mbali huko. Mama akazima jiko, akambeba mdogo wangu. Mimi nilibeba begi la shule, sijui la kufanyia nini.

Tulipofika barabarani, Pugu Road ilikuwa imejaa watu ukingo hadi ukingo, wote wanaelekea mjini. Wapo waliobeba magodoro, wapo waliobeba watoto wawiliwawili, babu mmoja kakumbatia kuku. Magari yalipita. Mengine yalikuwa na nafasi, niliona kwa macho yangu.

Halafu ikaja daladala, DCM, ikitokea mjini. Ikitokea mjini, someni vizuri. Ikageuza palepale katikati ya watu, konda akaruka kabla haijasimama. Kijana mwembamba, mguu mmoja una yeboyebo, mwingine mtupu.

"Buku, buku, buku! Kila kichwa buku!"

Buku ni elfu moja, na nauli siku hizo haikufika hata mia tano. Kina mama wakamchamba kweli kweli. Mmoja akamwambia ana laana. "Nitaibeba hiyo laana mpaka Tazara, mama yangu, we panda." Mama yangu naye, mabomu yanalia, akasimama kubishana kwamba mtoto wa kupakatwa halipi. Akashinda. Vichwa viwili, akafungua pindo la khanga akatoa elfu tano. "Chenji mbele, bi mkubwa."

Sura yake imeshanitoka. Ninachokikumbuka ni mkono wa kushoto. Noti zimekunjwa kwa urefu, zimebanwa katikati ya vidole, za bluu tupu, mpaka vidole vimepanuka. Ukapiga mlipuko mmoja mkubwa, vioo vya gari vikalia, sote tukainama, na yeye akainama mpaka goti likagusa lami. Ule mkono ukabaki juu. Haikudondoka hata noti moja. Mkono wa kulia alikuwa ameshika kola ya mtoto wa kiume ambaye hakuwa na mtu. Ameshika kwa nguvu, kama mwizi wa sokoni. Akamtupia ndani, juu ya boneti karibu na dereva. Akatazama nyuma, akamwona mwingine, wa kike, mdomo uko wazi lakini sauti haitoki. Naye akamtupia kulekule.

Mzee mmoja akauliza, "Hawa ni wa nani?"

"Wangu. Suka, twende!"

Hawakuwa wake. Njia nzima walikuwa wamebanana na magoti yangu, na hata wao kwa wao hawakuwa wanajuana.

Tazara tukashushwa. Wale watoto akamkabidhi muuza maji mmoja kwa ukali, asije akaondoka nao. Mama akaenda mlangoni kudai chenji yake. Konda alishaanza kugonga bodi, gari linageuza, na kwa mazoea tu, nadhani, akawa anaita kama anavyoita kila siku: "Gongolamboto, Gongolamboto, Gongo!" Watu wote wanatoka huko. Baba mmoja mwenye shati la kazini akachomoka mbio, akadandia. Konda akamnyooshea mkono. Sikuona kama ulikuwa wa kudai nauli au wa kumvuta ndani.

Yaliyofuata mengi mnayajua. Tulilala Uwanja wa Uhuru na maelfu ya wengine. Kulipokucha redio zinataja watoto waliopotezana na wazazi. Watu zaidi ya 20 walikufa. Sisi tulirudi tukakuta bati la jikoni limetoboka, ugali umeganda kwenye sufuria.

Nyumbani kwetu jina lake ni "yule mwizi aliyetuokoa", na Mama anamaanisha yote mawili. Elfu tatu yake bado anaidai. Kaka anasema hakuna shujaa hapo, ni biashara: DCM imejaa mpaka mlangoni, buku kila kichwa, kwenda na kurudi usiku kucha, kijana alivuna. Namsikiliza na sina jibu la maana. Nasema gari lilikuwa la tajiri, na hesabu ya tajiri haiulizi kama kulikuwa na mabomu. Nasema mafuta hayakuwa ya bure. Lakini moyoni najua kwamba angetubeba bure ningemtaja kwa mtoto bila kusita, na hilo linanisumbua, kwa sababu wale wa magari yenye nafasi hawakumtoza mtu hata senti.

Kaka usiku ule alikuwa Kimara, na gari la ofisi lilikuwa kwake. Hakuna anayemlaumu, simu hazikuwa zinashika, na barabara mlishasikia ilivyokuwa. Ila hesabu za nauli ni yeye peke yake anayezipiga. Juzi, baada ya habari ya Mirambo, alizianza tena. Mama akamwacha amalize, halafu akamuuliza, kwa upole kabisa, mafuta ya kutoka Kimara mpaka Ulongoni siku zile yalikuwa shilingi ngapi.

Kaka akasema hakumbuki.