Ramani ya kambi za Jenerali Sullivan: nilipofikia

Upande wa mashariki wa Ziwa Seneca nimeumaliza. Vibao nilivyokuwa nimevipangia kati ya Montour Falls na Geneva vimepigwa picha na kuingizwa kwenye ramani. Kwa anayesoma kumbukumbu hii kwa mara ya kwanza: nafuatilia vibao vya barabarani vya jimbo la New York vinavyoonyesha Jenerali John Sullivan alipopiga kambi mwaka 1779, Wamarekani wakipigana kujitoa kwa Mwingereza. George Washington alimpa askari wapatao 4,000 na amri ya kuteketeza makazi na mashamba ya mataifa ya Haudenosaunee (Iroquois, muungano wa wenyeji wa asili wa eneo hilo) yaliyoegemea upande wa Uingereza.

Vibao vyenyewe vingi ni vya mpango ulioanza 1926, bluu iliyokoza, herufi za njano zilizoinuka, na chini kabisa jina la idara ya elimu ya jimbo. Kuvipiga picha kuna ujanja wake. Jua likiwa la utosi herufi zinazama kwenye rangi. Asubuhi, mwanga ukija kwa ubavu, kila herufi ina kivuli chake na hata kibao kilichochakaa kinasomeka. Palipobanduka rangi napapasa kwa kidole. Kazi ngumu zaidi ni kuegesha gari: barabara nyembamba, mtaro huku na mtaro kule, na malori yanapita yakikupigia honi kana kwamba umelala katikati ya lami.

Sasa nije kwenye jedwali, maana huko ndiko mradi umebadilika. Nililipanga kwa usiku: tarehe, mahali jeshi lilipolala, kibao kilipo. Halafu nikaanza kulinganisha na shajara za maofisa wa msafara huo, ambazo jimbo lilizichapisha kwa pamoja mwaka 1887. Chukua Kendaia, jeshi lilipofika tarehe 5 Septemba. Kilikuwa kijiji cha Waseneca, mojawapo ya mataifa hayo ya Haudenosaunee, chenye miti ya matofaa mingi kiasi kwamba Wazungu walikiita Appletown. Maofisa wanaeleza nyumba na makaburi yaliyopakwa rangi, na wanamtaja Luke Swetland, mateka wa Pennsylvania waliyemkuta hapo akiwa hai. Kisha moto, na miti ikakatwa.

Ukizifuata shajara hizo, mara kwa mara unakuta kambi ilipigwa kijijini au shambani kwa watu. Si ajabu. Baada ya mapigano ya Newtown tarehe 29 Agosti, Sullivan aliwaomba askari wakubali nusu ya posho ya chakula, wakakubali, kwa kuwa mahindi na maharage ya Waseneca yalikuwa yamewiva mbele yao. Walipofika bonde la Genesee mahindi yalikuwa yamekomaa mno hata hayafai kuchemshwa, wakatoboa vyombo vyao vya bati kupata kitu cha kukwaruzia, wapate unga. Walichoshindwa kula walikichoma. Sullivan aliripoti vijiji 40 vilivyoharibiwa. Watu zaidi ya 5,000 wakakimbilia ngome ya Niagara kwa Waingereza, na kipupwe kilichofuata kilikuwa kikali hata bandari ya New York ikaganda.

Mawe ya kumbukumbu ya mwaka 1929, yenye bamba la shaba na ramani ya njia, yanasema msafara ulikomesha uchokozi wa Waingereza na “Wahindi”, yaani wenyeji wa asili wa Amerika, na kupanua himaya ya Marekani kuelekea magharibi. Jiwe ni zuri na ramani imechongwa kwa ustadi. Lakini kwa jinsi linavyosimulia, utadhani jenerali alipita kwenye pori tupu, na pori tupu halilishi jeshi.

Kwa hiyo nimepangua jedwali. Safu ya kwanza sasa ni kijiji, ya pili kilichokuwa kimelimwa, na usiku wa Sullivan umesogezwa hadi ya nne. Kwenye ramani vijiji vina rangi nyekundu, vibao ni nukta ndogo za bluu. Kendaia na Kanadesaga, ilipo Geneva leo, tayari zimekaa vizuri.

Kinachofuata ni Canandaigua, Honeoye, kisha bonde la Genesee, ambako jeshi liligeuza kurudi katikati ya Septemba. Nataka kulimaliza bonde kabla theluji haijaanza, kwa sababu magari ya kusafisha barabara huirundika pembeni, hapo hapo vibao viliposimama.