Majani ya Tambarare

Mtamba wetu, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, alifika jioni moja ya mwezi wa tano, 1992, akiwa nyuma ya pikapu, baba amemshikilia kamba. Nilikuwa na miaka tisa. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka tangu 1989, mkataba wa kimataifa wa kugawana mauzo yake ulipovunjika, na baba aliamua ada zetu zitoke kwenye maziwa. Aliuza ng'ombe wawili wa kienyeji, mama akaongezea akiba yake, tukapata chotara mmoja wa Friziani, mweusi, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Bibi alimwita Mgeni, na jina likamganda.

Kwetu Marangu ng'ombe haendi malishoni. Chakula humfuata bandani. Migomba tulikuwa nayo, na majani ya tembo kidogo kwenye kingo za mfereji. Lakini mgeni halishwi makombo. Alfajiri yake mama alishika mundu, akashuka tambarare, akapanda mlima na mzigo wa majani kichwani, maji yakimchuruzika mpaka mgongoni maana ilikuwa masika. Alishuka hivyo kila siku. Mgeni alikuwa akisikia hatua zake tu, anainua kichwa kutoka kwenye hori.

Siku ya kumi na sita hakukiinua. Majani yalibaki horini, manyoya yamesimama, pua imekauka. Baba alimfuata bwana mifugo. Alipofika alimpima joto, nyuzi 41, kisha akachukua mkono wangu akauweka chini ya sikio la Mgeni. Tezi ilikuwa imevimba kama limau, ngumu, ya moto.

"Ndigana kali," alisema. Akachambua majani ya horini, akatoa kupe wa rangi ya kahawia kwenye shina moja. "Mama, haya yametoka wapi?"

"Tambarare, baba."

Hakumlaumu, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. Alieleza tu kwamba kupe wa huko ndio wenye ugonjwa, na wanapanda na mzigo. Akachoma sindano, akasema atarudi baada ya siku mbili kuchoma ya pili.

Siku hizo mbili mama hakuzungumza. Usiku alilala bandani juu ya majani makavu ya migomba, kanga mbili, kibatari pembeni. Bibi alimpelekea uji. "Mwanangu," nilimsikia akimwambia, "ulimpa kilicho bora." Mama alilia ndipo akanywa.

Alfajiri baada ya sindano ya pili nilimkuta anakata shina la mgomba vipande vyembamba kama vya kukaanga, anaviweka kimoja kimoja kiganjani. Mgeni alinusa kwa muda mrefu. Kisha ulimi ukatoka, mrefu, wa kijivu, ukachukua kipande, ukarudi kulamba kiganja kitupu.

"Leta chumvi," mama aliniambia. Nilikimbia.