Kamera mbili, harusi moja

Juzi kwenye harusi ya dada yangu hapa Tanga nilipiga picha kwa kamera mbili: Sony A7 IV ya kuazima, na ile ndogo ya mama ya kutia mfukoni. Usiku ukumbini, taa hafifu, ndogo ilitoa chenga tupu. Sony ilidaka hata nakshi za hina mikononi. Siri ni kihisi, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga: cha Sony ni milimita 36 kwa 24, cha ndogo kama 6 kwa 4.6, kwa hiyo eneo la kupokea mwanga la Sony ni kama mara 30 ya lile la ndogo.

Lakini bibi! Alipoiona ile lenzi kubwa alikakamaa. Mchana uani, mbele ya kamera ndogo, alicheka mpaka mapengo yakaonekana. Hiyo ndiyo picha ninayokwenda kuisafisha kesho.