Mlango wa Rangi

Kilichonipeleka Torre Annunziata Jumapili ya kwanza ya Machi 2017 ni neno moja tu: bure. Miaka ile makumbusho ya serikali ya Italia yalikuwa hayatozi kiingilio Jumapili ya kwanza ya mwezi, na mimi mfukoni nilikuwa na nauli ya treni basi. Tajiri tuliyekuwa tukimpigia lipu, jengo la ghorofa nne nje kidogo ya Napoli, alikuwa anatuzungusha kwa wiki ya tatu. Kila Ijumaa anasema Jumatatu. Jumatatu simu haipokei.

Aliyenielekeza ni Mastro. Ndivyo mafundi wa kule wanavyomwita mkubwa wao, hata jina lake halisi nilichukua miezi kulijua. "Pompei utakuta watu kama siafu," aliniambia. "Wewe ni mtu wa lipu. Nenda Oplontis ukaone lipu." Oplontis ni magofu ya jumba la Kirumi, yaliyomo katika mji wa Torre Annunziata.

Nikapanda Circumvesuviana, treni iliyochorwa chorwa kila behewa, inayozunguka miguuni mwa Vesuvio, mlima wa volkano. Torre Annunziata ilikuwa zamani ikisifika kwa viwanda vya tambi. Siku ile niliona nguo zimeanikwa barazani na nikasikia harufu ya mchuzi wa nyanya wa Jumapili ikitoka kila dirisha. Nikatembea nikitafuta jumba la kifahari, sikuliona. Kumbe nilikuwa nimesimama juu ya usawa wake. Jumba limo shimoni. Unafika kwenye uzio, unachungulia, na paa liko chini ya miguu yako. Mwaka 79 baada ya Kristo mlima ulipolipuka, mawe mepesi na majivu ya moto viliifunika nyumba nzima kwa zaidi ya mita 8, na mji wa leo ukaja kujengwa juu yake bila habari. Ufukuaji mkubwa ulianza 1964. Vyumba karibu 100 vimekwisha kutolewa, na sehemu nyingine bado imelala chini ya barabara na majengo ya watu.

Wanasema lilikuwa la Poppaea Sabina, mke wa pili wa Kaisari Nero. Ushahidi si hati ya nyumba. Ni maandishi kwenye mtungi, yanayomtaja mtu wa Poppaea. Mimi nisingemuuzia mtu kiwanja kwa ushahidi huo, lakini ukiona bwawa la kuogelea, kama mita 60 kwa 17, unakubali kwamba mwenyewe hakuwa mtu wa kuhesabu senti.

Nilipoingia ukumbi wa kwanza nilisimama pale pale. Ukuta mzima umechorwa nguzo, nyuma ya nguzo kuna nguzo nyingine, na katikati milango mikubwa yenye mapambo ya rangi ya dhahabu. Nikampigia baba simu ya video. Yuko Pangani, naye ni fundi, na baba yake alikuwa mchoma chokaa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Uko msikiti gani huo?"

"Si msikiti baba, ni nyumba ya mtu. Ya zamani, ilifunikwa na mlima wa moto."

"Haya ingia basi huo mlango nione ndani."

"Haufunguki baba. Ni rangi."

Akanyamaza. Nikaona uso wake umeisogelea simu mpaka likabaki jicho moja na nyusi. "Sogeza," akasema. "Sogeza kabisa. Usiniletee mapicha, niletee ukuta."

Nikaanza kumtembeza. Nilimwonyesha tausi aliyekaa ukingoni, bakuli la kioo lenye makomamanga unayoyaona kwa ndani, kapu la tini. Akaguna tu. Nilimpeleka upande wa watumishi, ambako kuta zimechorwa mistari ya mshazari, myeusi na myeupe, na wataalamu wenyewe wanaiita milia ya punda milia. Hapo akacheka. "Punda milia wamewafuata mpaka huko!" Lakini alichokuwa anakitaka ni pembe iliyobanduka, na tulipoipata sikuruhusiwa tena kuondoka.

Ilikuwa karibu na sakafu, upana wa kiganja. Lipu imevunjika wima, na tabaka zake zinahesabika kama mkate uliokatwa kwa kisu kikali. Ndani zile nene za mchanga, kijivu. Nje nyembamba, nyeupe, zina chembe zinazometa ukiinamisha kichwa: unga wa marumaru. Nimesoma baadaye kwamba Vitruvius, msanifu wa enzi zao, aliagiza tabaka tatu za mchanga na tatu za marumaru. Sisi tajiri wetu tulimpigia moja na akalalamika kuwa tunamaliza simenti.

"Hapo juu, kushoto," baba akasema. "Pana mstari."

Sikuuona. Nilibandika macho, nikaona nguzo tu, nyekundu, imenyooka.

"Usitazame nguzo. Tazama pembeni mwa nguzo."

Nikauona. Unene wa uzi, ukishuka sambamba na ukingo wa ile nguzo ya kuchora, upande mmoja lipu imepanda kidogo juu ya mwenzake.

"Hapo walilala," akasema. "Huku jana, huku leo."

Kazi yao ndivyo ilivyo: rangi inapakwa lipu ikiwa mbichi, chokaa ikikauka inaishika. Kwa hiyo mpiga lipu hapigi ukuta mzima. Anapiga kiasi ambacho mchoraji atakimaliza kabla hakijakauka, na maungio wanayaficha kwenye ukingo wa nguzo asiyaone mtu. Asiyaone mtu kwa miaka elfu mbili kasoro, mpaka mzee mmoja wa Pangani na simu yenye kioo kilichopasuka.

"Wenyewe walikufa humo?" akauliza.

Nikamweleza nilichokuwa nimekisoma kwenye kibao: jumba lilikutwa tupu. Eneo lile lilikuwa limetikiswa na tetemeko mwaka 62, na mlima ulipolipuka nyumba ilikuwa kwenye matengenezo. Nguzo zilikuwa zimeng'olewa na kuwekwa vyumbani, vifaa vya ujenzi vipo, vyombo vya nyumbani hakuna. Watu walikuwa jengo la pili, kama mita 300 kutoka pale, la biashara, lililojaa mitungi. Mle ilikutwa mifupa ya watu 54, wengine na fedha zao na vito vyao.

"Kwa hiyo tajiri hakuwapo."

"Hakuwapo."

"Na mafundi?"

"Hakukutwa mtu."

"Basi walikimbia na kazi wakaiacha," akasema, kwa sauti ya mtu anayewafahamu. Kisha akataka kujua kitu kimoja cha mwisho: ile chokaa waliiloweka muda gani, maana ukuta ule hauna ufa wa lipu changa, na babu yake aliifukia chokaa shimoni na kuifunika magunia ya maji mpaka... Bando likaisha. La kwake au la kwangu, sijui.

Jibu nililipata baada ya wiki mbili. Plinius, aliyekuwa mkuu wa meli za kivita za Roma kule Misenum, aliandika kwamba sheria za zamani za ujenzi zilimkataza mkandarasi kutumia chokaa iliyolowekwa chini ya miaka 3, na ndiyo maana kuta zao hazikupata nyufa. Mtu huyo huyo mwaka 79 alivuka ghuba kwenda kuokoa watu, akafia ufukweni Stabiae, vituo vichache tu mbele ya Oplontis kwa treni ile ile niliyoipanda. Nikamrekodia baba yote hayo kwa sauti, dakika nne nzima, nikiwa nimekaa juu ya ndoo ya rangi wakati wa chakula cha mchana. Bado tulikuwa hatujalipwa.

Jibu lake lilikuja usiku. Kwanza kuku, halafu mwiko ukikwangua karai, halafu yeye.

"Miaka mitatu! Mimi tajiri wangu wa hapa leo asubuhi kanipa chokaa bado ya moto, anataka ahamie Ijumaa."