Siku moja maishani mwangu: kutafuta chanzo cha damu isiyoganda, Mwanza

Saa 12 asubuhi

Natoka Kirumba na daladala. Mwaloni kumeshachangamka, magunia ya dagaa yanapakiwa kwenye malori. Nashuka mjini, napanda kilima cha Bugando, penye hospitali, kwa miguu. Mimi ni mteknolojia wa maabara, na kwa sasa niko kwenye utafiti wa watu ambao damu yao haigandi inavyopaswa. Habari za wagonjwa humu nimezibadilisha ili wasijulikane.

Saa 1

Kabla ya chai naangalia jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri. Usiku umeme ulikatika, jenereta ikawaka kwa wakati, joto halikupanda. Namshukuru Mungu, maana humo ndani kuna RNA, yaani nakala za maagizo ya jeni, za familia nzima nzima, na RNA huharibika upesi. Hata ngozi ya kidole changu ina vimeng'enya vinavyoikatakata. Nawasha bafu la maji lifike nyuzi 37, joto la mwili, kwa sababu vipimo vya kuganda havina maana kwenye joto jingine.

Saa 2 na nusu

Bibi mmoja kutoka Sengerema ameingia na mjukuu wake wa kiume. Goti la kulia limevimba, lina moto, mtoto hataki liguswe. Wamefika mapema; tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, watu wa ng'ambo hawakai tena foleni ya kivuko na mtoto anayelia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Huyu akijikata kidogo damu inakata vizuri tu. Lakini akianguka, goti linajaa usiku."

Maelezo yake yanatosha kunionyesha pa kuanzia. Mshipa ukichanika, chembe sahani hukimbilia pale na kuziba tundu, ndiyo maana mkwaruzo mdogo unakauka. Lakini kizibo hicho ni dhaifu mpaka kishikwe na nyuzi za faibrini, na nyuzi hizo hutengenezwa na kimeng'enya kiitwacho thrombini. Thrombini ya kwanza huwa kidogo sana. Kinachoiongeza maradufu ni faktari VIII na IX, protini za kugandisha damu, zikifanya kazi pamoja juu ya chembe sahani. Moja ikikosekana, kizibo huachia baada ya saa kadhaa, na damu hujaa ndani ya kiungo.

Nikamuuliza habari za ukoo upande wa mama. Akanyamaza kidogo.

"Kaka yangu aling'olewa jino. Alivuja damu siku tatu, akafa. Wakasema amerogwa."

Nimechora: bibi, kaka yake, binti yake, mjukuu. Wanaume wanaumwa, wanawake wanabeba. Jeni za faktari VIII na IX zote ziko kwenye kromosomu X, na mwanaume anayo moja tu. Ugonjwa huu wa kurithi huitwa hemofilia. Hemofilia A, ya faktari VIII, humpata takribani mtoto mmoja kati ya wavulana 5,000 wanaozaliwa. Hemofilia B, ya faktari IX, ni adimu zaidi, mmoja kati ya 30,000 hivi. Nimemwambia bibi kwamba kaka yake hakurogwa, na nimelisema taratibu, kwa sababu tuhuma kama hiyo huvunja undugu kwa miaka mingi.

Damu naichukua kwenye chupa ya kizibo cha bluu, yenye sitreti ya asilimia 3.2 inayoshika kalsiamu ili damu isigande njiani. Lazima ijae mpaka kwenye mstari: sehemu tisa za damu kwa moja ya sitreti. Ikipungua, majibu yanadanganya.

Saa 4

Sentrifuji imezunguka dakika 15, plazima imetulia juu, ya rangi ya majani makavu. Napima muda wa kuganda kwa njia mbili, PT na aPTT, kila moja ikijaribu faktari zake. PT ya mtoto ni sekunde 13, haina tatizo. aPTT ni sekunde 94, wakati ya kawaida kwetu haizidi 35 hivi. Kwa hiyo tatizo liko faktari VIII, IX au XI. Nachanganya plazima yake nusu kwa nusu na ya mtu mzima wa afya: inashuka hadi 37. Imerekebishika, kwa hiyo kuna kitu kimepungua. Hakuna dalili ya kingamwili inayokizuia. Nafurahi, kwa sababu kingamwili ingefanya matibabu yawe magumu mara mbili.

Sampuli inayofuata ni ya mvuvi wa Ukerewe aliyetapika damu. Hapa ziwani jambo la kwanza kufikiria ni kichocho cha tumbo: makovu kwenye ini, shinikizo kwenye mishipa ya koo la chakula, wengu uliovimba na kunasa chembe sahani. Huyo hahitaji uchunguzi wa jeni, anahitaji endoskopi leo. Nimempigia daktari wa zamu.

Saa 6 na nusu

Faktari ya mtoto: VIII iko sawa, IX iko chini ya asilimia 1. Hemofilia B kali. Daktari wa watoto ameshaitwa, faktari atachomwa leo, na bibi ameambiwa yasiyofaa: sindano za msuli, aspirini, diklofenaki, na kuchanjwa chale.

Ugali na sato, haraka haraka.

Saa 8

Mchana ni wa familia nyingine, yenye hemofilia B pia. Eksoni zao zote, yaani vipande vya jeni vyenye maagizo ya protini, zilisomwa, na haikuonekana herufi iliyobadilika ya kuigeuza protini. Wengi huishia hapo na kuandika "haijulikani". Mimi siwezi kukubali jibu hilo kabla ya kutazama RNA.

Jeni haisomwi moja kwa moja. Wanasayansi Roberts na Sharp waligundua mwaka 1977 kwamba jeni imekatizwa na vipande visivyo na maagizo ya protini, yaani introni, ambavyo seli huviondoa kisha huunga eksoni zilizobaki. Fundi cherehani hukata kwa kufuata alama ya chaki. Chaki ikihama kidogo, nguo haimkai mtu hata kama kitambaa ni kizima. Alama za seli ni herufi chache mwanzoni na mwishoni mwa introni.

Mfano mkubwa ni wa Malkia Victoria, malkia wa Uingereza, ambaye mpelelezi Mwingereza Speke aliliita ziwa hili kwa jina lake mwaka 1858. Alibeba hemofilia na kuisambaza kwa wajukuu mpaka kwa Alexei, mwana wa mfalme wa mwisho wa Urusi. Mwaka 2009 Rogaev na wenzake walisoma mabaki ya familia hiyo na kukuta kosa ni herufi moja, A iliyogeuka G, ndani ya introni ya tatu ya jeni ya faktari IX, herufi tatu tu kabla ya eksoni ya nne. Seli ikakata pasipo pake, usomaji wote ukaharibika.

Shida ni kwamba jeni hii hufanya kazi kwenye ini, na hatukati ini la mtoto kwa ajili ya utafiti. Tunatumia chembe nyeupe za damu, ambazo huwa na RNA hiyo kwa chembechembe tu, kwa hiyo tunafanya PCR, njia ya kuzidisha nakala zake, mara mbili mfululizo. Glovu nabadilisha kila ninapogusa kitasa.

Saa 10 na nusu

Jeli, inayopanga vipande kwa urefu wao, imetoka. Kwa baba asiyeumwa kuna mstari mmoja mahali pake. Kwa mgonjwa mstari uko mmoja pia, lakini mfupi zaidi, na tofauti inalingana na herufi 129. Huo ndio urefu wa eksoni ya tano. Seli inairuka yote, na protini inakosa amino asidi 43, vijenzi vyake. Kwa mama iko mistari yote miwili.

Nimeita wenzangu waione. Hatua inayofuata ni kuzisoma introni za pande mbili za eksoni hiyo herufi kwa herufi mpaka tulipate kosa lenyewe. Dawa za kurekebisha ukataji wa RNA zipo duniani: nusinersen iliidhinishwa Marekani Desemba 2016 kwa ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli ya watoto. Kwa hemofilia B bado ni kazi ya maabara, lakini bila kujua aina ya kosa hakuna wa kumtengenezea mtu huyu chochote.

Saa 12 jioni

Mama wa mgonjwa ana mdogo wake mjamzito, miezi saba. Faktari IX ya kila mtoto mchanga huwa chini kwa asili, kwa hiyo kuipima siku ya kuzaliwa kunaweza kutuchanganya. Tukilipata kosa kabla hajajifungua, damu ya kitovu itatosha kutujibu. Nimemwandikia mkunga: asitumie vakyumu, na achukue damu ya kitovu kabla mtoto hajachomwa sindano yoyote ya msuli. Nimeweka chupa mbili zenye lebo kwenye bahasha, kesho asubuhi zinakwenda kliniki kwao.