Subaru yangu ya turbo na smogi ya California

Mwaka 2022 mke wangu alipata kazi Fresno, California, tukahama kutoka Seattle, na mimi nikagoma gari yangu isipakiwe kwenye lori, nikaiendesha mwenyewe mpaka huko. Ni Subaru Impreza WRX ya 2004, lita 2 turbo, kiwandani ilitoka na farasi 227 ila hii yangu ilishaongezewa, inteki, yaani bomba la kuvuta hewa, sio ya kwake, bomba linalotoka kwenye turbo halina masega yale ya kusafisha moshi (catalytic converter), na programu ya kompyuta ya injini imeandikwa upya. Washington walishafuta ukaguzi wa moshi tangu Januari 2020 kwa hiyo kule hakuna aliyewahi kufungua boneti kuniuliza kitu.

California sasa, aisee. Gari ikitoka jimbo lingine huwezi kuisajili mpaka ipite smogi, ndo wanavyouita ukaguzi wa moshi.

Mkaguzi alikuwa mzee mmoja mpole, akafungua boneti akawasha tochi, nikadhani anatafuta mafuta yanayovuja kumbe anatafuta stika. Huko kila kifaa kisicho cha kiwandani kinachogusa njia ya hewa au usafishaji wa moshi lazima kiwe na namba ya kibali ya CARB, bodi ya hewa ya jimbo, na namba iendane na gari yako hiyo hiyo. Kwenye inteki akaikuta, akaisoma taratibu, akaihakiki, safi. Akainama akamulika nyuma ya injini, lile bomba linang'aa halina hata alama moja. Akazima tochi. Akanielewesha vizuri tu kwamba hapo hata moshi utoke safi namna gani gari imeshafeli, na tangu Julai 2021 mashine yao inasoma pia programu ya kompyuta, wakikuta sio ya kiwandani wala haina kibali hupiti.

Nilikasirika, nisiseme uongo. Ila Fresno iko bondeni kati ya milima, hewa chafu ikiingia inakaa hapo hapo, na mwanangu ana pumu, usiku namsikia anavyohangaika kupumua. Hasira ikapungua nikampigia fundi mmoja wa Tanga niliyekutana naye msikitini.

"Kaka, usihangaike kubishana nao, tutafute vya kwake," akaniambia.

Tukaagiza bomba jipya la kwake lenye masega, na lile la kabla ya turbo pia, maana WRX za Marekani za miaka ile zina masega hata kabla ya moshi kuingia kwenye turbo, wengi hawajui hilo. Nati zilikuwa zimeshika kutu mpaka tukazilowesha usiku kucha ndo zikaachia. Mafla ya nyuma tukaiacha, iko baada ya masega, hiyo haihitaji kibali.

Kazi ngumu ikawa baada ya kurudisha programu ya kiwandani. Ukishafanya hivyo kumbukumbu ya kompyuta inafutika na gari inatakiwa ijipime upya yenyewe, masega, sensa za oksijeni na kadhalika, na ukienda kabla haijamaliza wanakurudisha, gari za petroli za 2000 kuja juu wanakusamehe kipimo kimoja tu, cha mvuke wa mafuta. Basi alfajiri injini ikiwa ya baridi, tenki nusu, naingia barabara ya 99 naenda mwendo mmoja sipandishi sishushi, malori yananipita, narudi nachomeka skana, bado, kesho yake tena, mpaka vikakamilika.

Nikarudi kwa mzee yule yule. Akamulika pale pale, akatabasamu, akachomeka waya wake, na cheti kikaenda moja kwa moja DMV, ofisi ya usajili wa magari, kwa mtandao. Nilimkumbatia.

Fundi wa Tanga nikampigia nikiwa bado pale nje, swali lake la kwanza, "Bado inanguruma?" Nikamwekea simu karibu na eksozi asikie, maana mlio ule wa Subaru unatokana na manifoldi ya kiwandani, yale mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye injini, na hiyo hatukuigusa kabisa.