Walipokatazwa Kutoka, Aliwafuata Shambani

Somo: Marko 2:1–12

Wapendwa katika Bwana,

Tukisoma habari za yule aliyepooza kule Kapernaumu, macho yetu huenda kwa mgonjwa. Wiki hii tuwatazame wale wanne waliombeba. Mlango umejaa watu, wao wakapanda darini. Na imani ambayo Marko anasema Yesu aliiona ni pamoja na ya hao wabebaji.

Namkumbuka Dkt. Dorothy Ferebee, Mmarekani mweusi aliyehitimu udaktari katika chuo cha Tufts mwaka 1924. Hospitali za wazungu zilimkataa kwa mafunzo ya vitendo, akaenda Freedmen's Hospital, hospitali ya weusi kule Washington. Angeweza kutulia huko na wagonjwa wake. Lakini mwaka 1935 aliongoza wanawake wa Alpha Kappa Alpha, chama cha wanawake weusi wasomi, wakiwemo walimu na wauguzi, kwenda jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, kuwahudumia weusi waliolima pamba kwenye mashamba ya wazungu kwa kugawana mavuno. Waliponyimwa tiketi za treni, walisafiri kwa magari yao wenyewe hadi kaunti ya Holmes.

Walikuwa wamepanga kufungua kliniki, watu wazifuate. Wenye mashamba wakakataa katakata: hakuna kutoka shambani. Basi kina mama wale wakapakia dawa na sindano kwenye magari, wakaenda huko huko kwenye pamba. Watoto wakapanga foleni kuchanjwa ndui na dondakoo, huku wasimamizi wakiwa juu ya farasi, wakisikiliza kila neno. Hebu fikiri: umemshika mtoto anayelia, mkono wako hautakiwi kutetemeka, na nyuma yako kuna mtu asiyetaka uwepo pale! Waliwafundisha akina mama habari za lishe, mahali ambapo pamba ilipandwa hadi karibu na mlango, bustani ya mboga ikakosa nafasi.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba walirudi. Kila kiangazi walijitolea tena, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1940, vita vilipofanya petroli na matairi kuwa adimu.

Kwenye jumuiya zetu wapo wajawazito na wazee wasiofika zahanati kwa kukosa nauli. Mwenye gari, bajaji au pikipiki, tafadhali zungumza na mzee wa kanisa kabla ya Jumapili. Asiye na chombo anaweza kumsindikiza mgonjwa na kukaa naye foleni.

Bwana, tuonyeshe nyumba ya kuanzia. Amina.